Pikipiki mpya imeharibika, muuzaji anakataa: ufanye nini?

Hapa Baraka na Fizi, mtu anakusanya dola miezi mingi ili anunue pikipiki ya magurudumu matatu ya kubeba mihogo ao mchanga. Wiki ya pili, sudire ya karoseri inaachia, ao chasi inapinda. Akirudi kwenye butiki, muuzaji anamuonyesha maneno ya chini ya faktire: « ni reprises ni échangées », ni kusema, kitu kikiisha kuuzwa hakirudi wala hakibadilishwi. Wengi wanakata tamaa pale pale. Lakini mambo hayaishii hapo.

Sheria inasema nini?

Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba ingali inatumika Kongo. Kuanzia kifungu cha 318, inamtaka muuzaji ajibu juu ya ubovu uliojificha, ule unaofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Ubovu wa kuonekana kwa macho, kama taa iliyovunjika, haumo. Basi kagua vizuri mbele ya kulipa.

Mnunuzi anachagua: kurudisha kitu na kupewa pesa yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua ubovu anapaswa kulipa hasara pia. Yale maneno ya faktire yanaweza kumsaidia asiyejua. Yule aliyejua akanyamaza, hayamkingi.

Ufuate njia hii

1. Simamisha kazi. Ukiendelea kubeba, atasema ni wewe uliharibu kwa kuzidisha mzigo.
2. Piga picha ya ubovu na ya nambari ya chasi mbele fundi hajagusa kitu.
3. Tafuta fundi asiye wa butiki ile. Aandike ni nini kimevunjika na kwa sababu gani, atie tarehe na sahihi.
4. Andikia muuzaji barua, nakala mbili. Aweke sahihi kwenye nakala yako. Akikataa, mpe mbele ya mashahidi wawili.
5. Usikawie. Sheria inataka malalamiko yapelekwe kwa muda mfupi.

Akikataa kabisa

Jaribu kwanza mapatano mbele ya shefu wa mtaa ao wazee, na yaandikwe. Yakishindikana, peleka kesi tribinali. Usikimbilie polisi ili muuzaji afungwe: deni la biashara si kosa la jela, na unaweza kutoa pesa mbili bila kupata kitu. Mambo yanakuwa mengine kama alikudanganya makusudi, kwa mfano alipaka rangi pikipiki nzee akaiuza kama mpya. Hapo unaweza kushitaki utapeli, kifungu cha 98 cha sheria ya adhabu.

Kwa wanaonunua Kigoma ao Bujumbura: muuzaji yuko ngambo ya ziwa, na kumfuata kunakula pesa. Jaribu pikipiki na mzigo kule kule, na udai garanti ya maandishi mbele ya kupanda boti.

Popote unaponunua, faktire iwe na jina la muuzaji, tarehe, bei na nambari ya chasi. Bila karatasi hiyo, ni neno lako na neno lake.