Ujenzi wa mawe ya volkano mjini Goma

Mji wa Goma umekaa juu ya mawe yaliyotoka Nyiragongo, mlima wa mita 3470 ulio kaskazini ya mji. Ni mawe meusi yenye matundu madogo yaliyoachwa na gesi wakati lava ilipopoa. La juu huwa jepesi na hukwaruza mikono. La chini, lililopoa polepole, ni zito, na ndilo mafundi hulitafuta kwa ajili ya msingi.

Katika miaka hamsini ya karibu lava imeteremka mara tatu: Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuharibu kanisa kuu la Wakatoliki. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila makao. Lava ilipopoa, wengi walirudi palepale, wakapasua jiwe lililozika nyumba yao na kulifanya msingi wa nyumba mpya.

Jiwe hupasuliwa kwa mtalimbo na nyundo nzito, na chukudu hulibeba. Vipande vidogo huwa kokoto, kazi ya wanawake wengi wanaokaa kando ya barabara na nyundo mkononi kutwa nzima (kamati za ujenzi wa kanisa zisiwabane bei). Nyua nyingi hupangwa jiwe juu ya jiwe, bila simenti. Nyumba za kawaida ni za mbao juu ya msingi wa mawe. Taabu ni kuchimba choo. Hapo jiwe halina huruma.

Ndugu zetu wa Hawaii wana mawe ya namna hii. Hata wataalamu wa volkano hutumia maneno yao: lava iliyoganda laini kama kamba ni pahoehoe, yenye miba ni aa. Wahenga wao walipanga kuta za mahekalu bila udongo wa kushikiza. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika mwaka 1820, na kanisa la mawe la Mokuaikaua likakamilika 1837, likishikizwa kwa chokaa ya matumbawe. Tetemeko la 2006 liliharibu jengo hilo.

Jambo hilo linatuhusu. Baada ya mlipuko wa 2021 ardhi ya Goma ilitetemeka siku nyingi, na nyumba zikapasuka. Ukuta wa mawe ni mzito. Usipofungwa juu kwa mkanda wa zege wenye vyuma, unawaangukia waliomo. Fedha zikipungua, kamati huondoa mkanda huo kwanza, ili mabati yafike upesi. Sisi tunaona afadhali waumini wasali chini ya turubai msimu mmoja zaidi.