Stika Iliyo Ndani ya Helmeti: Historia Fupi ya Wakfu wa Snell

William Snell, ambaye kila mtu alimwita Pete, hakuwa dereva wa kulipwa. Alikimbiza magari katika mashindano ya SCCA, chama cha Marekani cha magari ya michezo, ambako mtu hushindana kwa gari lake, mafuta yake na pesa zake, kisha Jumatatu anarudi kazini. Mwaka 1956 alipata ajali mashindanoni. Helmeti aliyovaa ilihesabiwa kuwa bora kwa wakati ule, lakini haikumsaidia kitu. Alifariki kwa majeraha ya kichwa.

Wenzake walimzika, wakamlilia, halafu wakauliza swali ambalo wafiwa wengi hawaulizi: hivi kofia ile ilikuwa na kazi gani?

Kati ya waliouliza alikuwemo Dkt. George Snively, na jina hili ningependa lichapishwe kwa wino mzito. Snively hakutaka maneno. Alizikusanya helmeti zilizokuwa madukani, akazipiga, akapima kishindo kinachofika kichwani. Mwaka 1957 jarida la Sports Cars Illustrated lilichapisha alichokikuta, na nyingi kati ya zile kofia hazikufua dafu. Zilikuwa gamba gumu lenye mikanda ndani, nzuri kwa macho, na watu walikuwa wakizinunua kwa imani tu. Sidhani kama kuna muuzaji aliyeufurahia mwaka huo.

Jambo lenyewe ukilielewa mara moja hulisahau tena. Kichwa kikigonga lami, ubongo huendelea na safari ndani ya fuvu. Gamba gumu peke yake halitoshi, maana lisipokuwa na kitu cha kubonyea chini yake, kishindo chote hupita moja kwa moja kwa mwenye kichwa. Kinachookoa ni kile kitambo kidogo mno ambacho bitana la ndani linabonyea na kufa, ili kichwa kisimame kwa awamu badala ya kusimama ghafla. Charles Lombard na Herman Roth wa Chuo Kikuu cha Southern California walikwisha kuliona hili, na hataza ya helmeti yao ilitolewa mwaka 1953. Lakini hataza ni karatasi. Alitakiwa mtu wa kusema hadharani kofia ipi inafanya kazi na ipi ni pambo, na mtu huyo asiwe mwenye duka.

Basi mwaka huohuo wa 1957, marafiki wa Pete, wafanyakazi wenzake na madereva wenzake waliandikisha Wakfu wa Kumbukumbu ya Snell huko California, taasisi isiyotafuta faida. Snively ndiye aliyeshika usukani wa utafiti. Kwa sisi tuliokuja nyuma, hii ndiyo sehemu ya kujivunia. Haikuwa serikali iliyoagiza, wala kampuni ya bima iliyohesabu hasara. Walikuwa watu wa mbio za wikiendi waliokataa kuzika mwenzao wa pili kwa sababu ileile.

Roy Richter, mwenye duka la vipuri la Bell, naye anastahili shukrani zake. Helmeti yake ya Bell 500-TX ilikuwa na bitana la povu jeupe gumu, lile tunalolikuta leo ndani ya boksi la televisheni mpya, na ndiyo ya kwanza kuvuka mtihani wa Snell. Povu hilo likishabonyea halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kugonga ni ya kutupwa, hata kama rangi yake haina mkwaruzo. Madereva hulalamika, nasi tunawaambia hivyohivyo. Kiwango cha kwanza kilichoandikwa cha Wakfu kilitoka mwaka 1959.

Sasa nifike kwenye hela, maana vijana huniuliza nani anayelipa. Kiwanda kinachotaka cheti hulipia vipimo vya maabara, kisha hununua stika zenye namba, moja kwa kila helmeti. Gharama hiyo huingia kwenye bei. Kwa hiyo mlipaji wa mwisho ni yule mshindani wa wikiendi anayetoa pesa dukani bila kujua kwamba sehemu ya pesa hizo inakwenda kuvunja helmeti nyingine. Wakfu hauuzi helmeti. Na haungoji kiwanda kiilete ile iliyoteuliwa vizuri: huzinunua sokoni kimyakimya na kuzipiga upya, ili zile zilizotoka baada ya cheti zisiwe hafifu kuliko ile iliyopewa cheti.

Na upigaji wenyewe si wa mchezo. Helmeti huvishwa kwenye kichwa cha chuma chenye kifaa cha kupimia, kisha huangushwa juu ya chuma bapa na chuma cha mviringo, mara mbili pale pale ilipokwisha kuumia, na juu ya chuma chenye ukingo. Chuma cha kilo 3 chenye ncha huachiwa kutoka takriban mita 3 juu ya gamba. Kwa helmeti za magari, zenye alama ya SA, huongezwa moto, pamoja na chuma cha umbo la nondo za kinga zilizomzunguka dereva.

Huku kwetu stika hiyo tunaifahamu kwa vidole. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, iliwahi kuitambua alama ya SA katika orodha zake, na kwenye ukaguzi wa rali mkaguzi huigeuza helmeti, hufunua kitambaa cha ndani, hutafuta herufi mbili na mwaka, kisha humtazama dereva usoni. Mwaka ukiwa umepitwa, hakuna undugu mezani.

Miaka iliyofuata niipitie haraka. Wakfu ulitoa viwango vya 1962, 1968, 1970, 1975, 1980 na 1985, na tangu hapo kila baada ya miaka mitano hadi sasa. Baiskeli ziliingia mwaka 1970. Miaka ya 1990 Wakfu ulifadhili utafiti wa kituo cha tiba cha Harborview, Seattle, uliochunguza zaidi ya waendesha baiskeli 3,000 waliojeruhiwa. Helmeti zilionekana kupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban thuluthi mbili. Wa mbio za karti na wa kuteleza kwenye theluji walipata kiwango chao mwaka 1998. Wapanda farasi nao wana chao. Mwaka 2007 kilitoka cha watoto, kilichotengenezwa pamoja na FIA.

Mwaka 2005 palitokea mjadala. Jarida moja la pikipiki liliandika kwamba helmeti za Snell ni ngumu kupita kiasi kwa ajali za kawaida za barabarani. Maneno yalisemwa, mengine makali, na wazee wa Wakfu waliyajibu kwa namna yao. Inatosha kusema kwamba kiwango cha pikipiki cha 2010 kilikuja na vichwa vya kupimia vyenye uzito unaolingana na ukubwa wake, na ukomo wa kishindo ukashushwa kwa helmeti za saizi kubwa. Mwaka 2020 kikagawanywa matawi mawili, D na R, ili kiendane na sheria za Marekani na za Ulaya.

Maabara ipo North Highlands, California. Ed Becker, aliyeiongoza kwa miaka mingi, anastahili makala yake peke yake, na nafasi imeniishia kabla sijawafikia mafundi wanaoshinda siku nzima wakiokota vipande vya povu sakafuni.