Kutoka Isolo hadi Kitochi: Gemu za Wengi Katika Ukanda wa Dhahabu

Mwaka 2000 ulikuwa mkubwa kwa Kanda ya Ziwa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji, na Vodacom ikaanza kuuza huduma za simu Tanzania. Septemba ya mwaka huo huo, kampuni ya Nokia ya Finland ikatangaza simu yake ya 3310. Simu hiyo ilibeba gemu nne: Snake II, Space Impact, Pairs II na Bantumi.

Bantumi ni bao. Kila upande una mashimo sita na ghala lake, kete zinagawanywa shimo kwa shimo, na mwenye nyingi ghalani ndiye mshindi. Kwa hiyo mchezo ambao vijana wa Shinyanga na Geita waliukuta kwa babu zao uliwarudia kupitia duka la simu, umetengenezwa na watu wa Ulaya ya Kaskazini. Lakini ulirudi na pengo moja kubwa: mpinzani alikuwa simu yenyewe. Wa kukaa naye uso kwa uso hakuwepo.

Historia ya gemu za mkononi katika ukanda huu ni historia ya watu kuliziba pengo hilo. Vifaa vingi vilivyofika vilikuwa na kioo kidogo cha kutazamwa na macho mawili. Watu wa hapa hawakukubali kucheza peke yao. Walivigeuza kuwa michezo ya wengi, mara nyingi bila msaada wowote wa waliovitengeneza.

Kabla ya vioo kulikuwa na ardhi. Wasukuma huliita bao lao isolo. Halihitaji fundi wala mbao: wachungaji huchimba mashimo kwenye udongo, wakaokota vijiwe au mbegu, na mchezo ukaanza ng'ombe wakiwa malishoni. Bao la Kiswahili, ndugu yake wa pwani, lina mashimo 32 na kete 64, na ndilo Mwalimu Nyerere alilopenda kulicheza hata baada ya kustaafu. Wanaocheza ni wawili, lakini anayeshiriki ni kila aliye karibu. Kuna anayehesabu kimoyomoyo na kuguna, kuna anayemnong'oneza mchezaji akakemewa, na kuna anayesubiri mmoja ashindwe ili aketi yeye.

Tabia hiyo haiishii kwenye bao. Usukumani vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu, waliotokana na uhasama wa waganga wawili, Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja mahali pamoja, na anayevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Mtazamaji hapo ndiye mwamuzi kwa miguu yake mwenyewe. Hadi leo mashindano hayo huonekana kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora, nje kidogo ya Mwanza. Anayetaka kuelewa kwa nini kijana wa mji wa Katoro hawezi kucheza gemu bila watu watano nyuma ya bega lake, aanzie huko.

Japani nako mtu mmoja alikuwa akiwaza michezo ya mfukoni. Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo alimwona abiria kwenye treni akijiliwaza kwa kubonyeza kikokotoo, na mwaka 1980 akatoa Game & Watch, kijigemu chembamba chenye mchezo mmoja na saa. Vingi vilikuwa vya mtu mmoja. Mwaka 1984 ukatoka mfululizo wa Micro Vs., wenye vidhibiti viwili vidogo vilivyounganishwa kwa waya, ili wawili wapigane ndondi juu ya kioo kimoja. Kwangu mimi hicho ndicho kifaa cha Yokoi kilichokuwa karibu zaidi na isolo.

Game Boy ilifuata Aprili 1989. Yokoi aliijenga kwa teknolojia ya bei nafuu iliyokwisha zoeleka: kioo cha kijani kisicho na taa na betri nne ndogo. Ubavuni ilikuwa na tundu la waya wa kuunganisha mashine mbili. Waya huo ndio uliobadilisha Tetris, mchezo uliobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Ukiwa peke yako unapanga vipande hadi vikuzidi. Mkiunganishwa wawili, kila unapofuta mistari miwili au zaidi kwa mkupuo, chini ya kisima cha mwenzako inapanda mistari mipya ya kumbana. Mwaka 1990 ikaja F-1 Race na kiunganishi cha watu wanne. Mwaka 1996 Pokémon ikawafanya watoto wa Japani wabadilishane viumbe kwa waya ule ule, kwani hakuna nakala moja ya gemu iliyokuwa na wote.

Uzuri huo ulikuwa na gharama. Wawili walihitaji mashine mbili, kaseti mbili, betri nane na waya. Kwa familia ya Shinyanga iliyotegemea pamba au mshahara wa mgodi wa Mwadui, huo haukuwa mchezo wa mtoto.

Bidhaa hizi zilianza kutapakaa nchini enzi za Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, baada ya milango ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Zilizofika kwa wingi zilikuwa za bei ya chini kutoka China. Vijana wengi hawakuanza na Game Boy. Walianza na kile kijigemu cha plastiki kilichoandikwa Brick Game, chenye maelezo ya kujigamba kwamba ndani yake mna gemu 9999. Gemu halisi zilikuwa chache: matofali yanayoshuka, nyoka, vifaru, magari ya mbio. Zilizobaki ni zile zile zilizoongezwa kasi au kubadilishwa kidogo. Lakini kilitumia betri mbili ndogo, na pembeni ya kioo kilionyesha jambo lililotosha kukifanya cha wengi, yaani alama.

Alama zilitunga sheria. Anayekufa anampisha mwenzake. Mwenye alama za juu anatajwa kwa jina, na kila anayeshika kifaa anacheza dhidi yake hata kama ameondoka kwenda kuteka maji. Waya wa Yokoi haukuhitajika, kwa sababu waliounganishwa ni watu na mashine ilibaki moja.

Televisheni haikuwa sehemu ya maisha haya. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo. Gemu za kuchomeka kwenye televisheni, zile nakala za mashine ya Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, zilikuwa za nyumba chache za mjini.

Machimboni ugumu ulizidi. Tangu dhahabu ya Bulyanhulu ilipojulikana katikati ya miaka ya 1970, maelfu ya wachimbaji wadogo waliishi maisha ya kuhama. Ikisikika rashi, yaani habari ya dhahabu mpya, mahali fulani, kambi nzima inafungasha. Bulyanhulu yenyewe waliondolewa mwaka 1996 ili kupisha uwekezaji, na wengi wakatawanyika kwenye machimbo mengine. Mtu wa namna hiyo hanunui televisheni. Anabeba kinachoingia mfukoni: karata, kete za drafti ambazo ni vizibo vya soda tu, na baadaye simu. Duara, yaani shimo la kuchimbia, lina zamu, karasha la kusaga mawe lina foleni, na muda wa kungoja ni mrefu. Muda huo ndio uliokuza michezo.

Mabanda ya gemu yalikuja pale fedha ya dhahabu ilipojenga miji. Kahama, Kakola jirani na Bulyanhulu, Katoro kwenye njia ya Geita: kote huko vibanda umiza vya sinema na mpira vilipata mdogo wao, kibanda cha PlayStation. Mashine ya pili ya Sony, iliyotoka Japani Machi 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ndiyo iliyotamba. Televisheni ya kioo kinene, benchi, jenereta nyuma ya ukuta wa mabati, na gemu ya mpira ya Winning Eleven. Malipo ni kwa mechi. Aliyefungwa anasimama, mshindi anabaki, na anayefuata anaingia na fedha yake. Bao la mwisho likifungwa banda zima linalipuka, hata wale wasio na senti ya kucheza. Najua wazazi na walimu walivichukia vibanda hivi kwa sababu ya utoro, na hoja yao ilikuwa ya haki. Hata hivyo, kwa kijana aliyetoka Simiyu au Kigoma kutafuta riziki asikomjua mtu, benchi lile lilikuwa mahali pa kwanza pa kuitwa kwa jina.

Kisha simu zikaenea. Gemu ya nyoka ilianzia kwenye Nokia 6110 ya mwaka 1997, kazi ya mhandisi Taneli Armanto, na jambo linalosahaulika ni kwamba toleo hilo la kwanza lilikuwa la wawili pia: simu mbili ziliwekwa zikitazamana, zikazungumza kwa miale isiyoonekana, na kila mchezaji akaongoza nyoka wake. Waliowahi kulitumia ni wachache. Simu moja ilikuwa mali ya thamani, sembuse mbili za aina hiyo kwenye meza moja.

Iliyoshinda machimboni ni Nokia 1100, iliyotoka 2003. Nokia iliitengeneza ikiwalenga watu wa nchi zetu: sehemu ya mbele ilikingwa vumbi, betri ilidumu siku kadhaa, na kichwani ilikuwa na tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Kwa mtu anayeamka usiku kwenye kambi isiyo na umeme, tochi ilitangulia na gemu ikafuata, lakini zote zilikuwa mkononi. Kitochi, kama simu hiyo ilivyoitwa, kilizungushwa kama Brick Game ilivyozungushwa. Rekodi ya nyoka ilibaki ndani ya simu, na mwenye simu aliitetea. Kulikuwa na adha moja: simu ikiita, nyoka anasimama, na mwenye zamu anarudisha kifaa cha watu.

Katika miaka hiyo hiyo Nintendo ilikuwa imepata jibu zuri kuliko la waya. Mashine yake ya DS ya mwaka 2004 iliwasiliana bila waya, na kwa baadhi ya gemu, Mario Kart ikiwemo, kaseti moja ilitosha kundi zima, wenzako wakipokea nakala ya muda hewani. Wazo la kununua moja na kucheza wote lingewafaa watu wa Kakola kuliko mtu yeyote. Ila kila mchezaji bado alitakiwa awe na mashine yake.

Jibu lililofika sokoni lilitoka China tena. Ni kile kiboksi kidogo chenye umbo la Game Boy kilichoandikwa SUP, gemu 400 ndani, za Famicom ya miaka ya 1980, nyingi zikiwa zimenakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Vingi hutumia betri ya muundo wa BL-5C, ile ile ya Nokia 1100, kwa hiyo vipuri vyake vilikuwa vimeshajaa kwenye meza za mafundi simu kabla chenyewe hakijafika. Kina waya wa televisheni, na baadhi huuzwa na kidhibiti cha pili. Ukikichomeka, kifaa cha mmoja kinakuwa cha wawili.

Kwa anayekinunua, nishauri wapi pa kuanzia. Super Mario ya 1985 ni ya zamu: mmoja anacheza hadi afe, ndipo wa pili aingie. Contra inawaweka wawili bega kwa bega. Lakini bora kuliko zote kwa nyumba yenye watoto wengi ni Battle City ya Namco, ile ya vifaru. Wawili wanalinda ngome moja, na ngome ikipigwa wote wameshindwa. Ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya, kifaru chake kinaganda kwa muda huku maadui wakisogea. Hapo utasikia kelele za lawama, mashauri ya watazamaji na maombi ya kupishwa, kama kwenye isolo.

Simu za kisasa nazo zimeleta ludo ya watu wanne kwenye kioo kimoja, kila mtu akigusa kwa zamu. Nimefurahi kuiona, kwa kuwa imeirudisha meza.

Kinachonitia hofu ni kingine. Katika miji hii hii zimeingia mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, zinazopangwa vibandani na madukani, na watoto huonekana mbele yake. Pale hakuna mpinzani wala zamu, na mshindi wa mwisho ameshapangwa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeunda bodi ya kusimamia biashara hiyo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mzazi anayeziweka gemu zote kwenye kapu moja na kamari anamnyima mtoto kitu chema na kumwacha atafute kibaya kwa siri.

Kwa hiyo naomba mawili. Viongozi wa mitaa na vijiji vya Katoro, Kakola, Kahama na Nyarugusu, ziondoeni mashine za sarafu mbele ya watoto, lakini benchi la gemu la jioni, baada ya saa za shule, liacheni libaki. Nanyi wazee mnaojua isolo, chimbeni mashimo uani na muwafundishe wajukuu kanuni zake zote, zile za kula na zile za kuzuia, kwa maana Bantumi ilibeba mashimo kumi na mawili tu na mengine mnayo ninyi.