Reli Ndogo katika Historia ya Afrika Mashariki: Funzo kwa Usafiri wa Umma kati ya Mbarara na Nakivale

1.0 Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya aina hiyo ya zamani zaidi barani Afrika. Katika eneo la takriban kilomita za mraba 185 wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni na njiani. Hospitali ya rufaa, chuo kikuu na masoko makubwa yako Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Kufika huko kunategemea takisi za abiria kumi na wanne, boda boda na malori ya ndizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kusafiri ndani ya nchi. Lakini uhuru huo hauna maana kwa asiyemudu nauli.

Makala haya yanajenga hoja kwamba reli ya abiria ya gharama nafuu si wazo geni katika ukanda huu. Imewahi kuwapo, na historia yake inaonyesha masharti ambayo bila hayo haiwezi kudumu.

2.0 Reli iliyoipita Mbarara

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na njia ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kampala ilifikiwa mwaka 1931. Njia ya magharibi ilikamilika hadi Kasese mwaka 1956, na lengo lake kuu lilikuwa kusafirisha shaba ya Kilembe. Kwa kuwa shaba ndiyo iliyochagua mkondo, reli ilipitia Kamwenge, na Mbarara ikabaki kando.

Uamuzi huo ulikuwa na athari mbili. Kwanza, kusini-magharibi nzima ilikabidhiwa barabara. Pili, njia yenyewe ilifungamanishwa na mzigo mmoja. Uchimbaji wa shaba uliposimama, reli ilipoteza mteja wake mkuu, na katika miaka ya 1990 safari za treni kwenda Kasese zilikoma. Abiria hakuwahi kuwa sababu ya kuwapo kwa njia hiyo. Hivyo hakuweza kuwa sababu ya kuiokoa.

3.0 Reli ndogo za pwani

Sambamba na reli kubwa, pwani ilikuwa na historia nyingine. Mwaka 1890 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutandika Mombasa reli nyembamba ya upana wa futi mbili, ikikusudia kuelekea bara. Mradi huo uliachwa baada ya maili chache. Vyuma vyake vilitumika upya kisiwani kwa vigari vidogo vya kusukumwa kwa mikono, vilivyofanya kazi hadi miaka ya 1920. Ulikuwa usafiri wa mjini wa gharama ndogo, lakini ni lazima kuuliza gharama hiyo ilikuwa ndogo kwa nani. Waliopanda walikuwa hasa maofisa na matajiri; waliosukuma walikuwa Waafrika.

Unguja inatoa mfano tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sultani Barghash alikuwa na reli fupi ya kwenda Chukwani, ambayo mabehewa yake yalianza kwa kuvutwa na nyumbu. Hiyo ilikuwa reli ya jumba la mfalme. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua njia ya takriban kilomita 11 kutoka mjini hadi Bububu, na hii ilibeba watu wa kawaida kati ya mji na mashamba. Huduma ya abiria ilikoma katika miaka ya 1920, enzi ya kushamiri kwa magari ya petroli.

Wapo wanaosimulia kwamba Bububu ilipata jina lake kutokana na mlio wa garimoshi. Ushahidi wa maandishi unakataa. Kumbukumbu za Sayyida Salme, zilizochapishwa mwaka 1886, tayari zinaitaja Bububu. Hata hivyo, masimulizi hayo yana thamani yake: reli iliyofanya kazi chini ya miaka thelathini iliingia katika kumbukumbu ya jamii kwa kina kiasi cha kudai hata jina lililoitangulia. Huduma inayomfaa mtu wa kawaida husahaulika kwa shida.

4.0 Majaribio ya karne hii

Oktoba 2012, Dar es Salaam ilianzisha treni za abiria wa mjini juu ya reli zilizokuwapo. Wananchi waliziita Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Kampala ilifuata Desemba 2015 kwa safari za Namanve. Zilisimama mwaka 2017 mkataba wa mwendeshaji binafsi ulipovunjika, zikarejeshwa mwaka 2018 chini ya shirika la umma.

Addis Ababa ilichagua njia ya gharama kubwa zaidi. Reli yake nyepesi, iliyofunguliwa mwaka 2015, ina urefu wa takriban kilomita 34 na iligharimu dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Nauli iliwekwa chini, na wananchi wakaipanda kwa wingi. Lakini baada ya miaka michache treni nyingi kati ya 41 ziliegeshwa kwa kukosa vipuri, ambavyo huhitaji fedha za kigeni.

Hesabu ni nyepesi. Kwa kiwango cha Addis Ababa, kilomita moja iligharimu karibu dola milioni 14. Njia ya kilomita 50 ingefikia dola milioni 700. Mshauri wa sera anayependekeza mfumo huo kwa Isingiro hatoi ushauri wa kutekelezeka. Funzo la Dar es Salaam na Kampala liko karibu zaidi: kuanza na njia iliyopo, mabehewa machache na ratiba inayoaminika.

5.0 Suala la istilahi

Kiswahili kina reli, treni na garimoshi, lakini chombo chepesi cha mjini hakijapata jina lililotulia. Tramu na reli nyepesi bado ni istilahi za wataalamu. Kinyume chake, boda boda, jina lililozaliwa mpakani Busia, lilienea bila kamati yoyote. Tofauti hii ina uzito wa kisera. Mkulima wa Isingiro anayesikia neno reli katika mkutano wa hadhara anaweza kuelewa kwamba ardhi yake itapimwa na kuchukuliwa. Mashauriano yanayoendeshwa kwa neno lisilobainishwa huzaa ridhaa isiyojulikana ni ya nini.

6.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaelekeza kwenye hatua nne. Kwanza, Jiji la Mbarara litenge sasa ukanda wa usafiri wa umma kuelekea Isingiro, kabla majengo hayajaufunga, na ukanda huo uanze kutumiwa na mabasi yenye ratiba. Pili, mpango wowote wa reli ya magharibi, ukiwamo ule wa kufika Mirama Hills mpakani mwa Rwanda, umtaje abiria tangu mwanzo, ili kosa la Kasese lisirudiwe. Tatu, bajeti ya vipuri na ruzuku ya nauli ipitishwe kabla ya ununuzi wa treni. Nne, wenyeji na wakimbizi washauriwe kwa Kinyankole na Kiswahili, kwa istilahi zilizofafanuliwa.

Mwaka 1956 njia ilichorwa kwa kufuata shaba. Swali kwa wapangaji wa leo ni kama mama wa Nakivale anayempeleka mtoto hospitalini Mbarara anahesabika kuwa sababu ya kutosha ya kuchora njia.