Neno "Simu" na Hukumu ya Mwaka 1880

Neno simu asili yake ni Kiajemi, sim, maana yake uzi wa madini. Waswahili walikitazama uzi, wakaita habari iliyopelekwa kwa alama simu, na sauti iliyopelekwa simu ya mdomo.

Uingereza jambo hili lilihitaji hukumu. Sheria ya mwaka 1869 ilimpa Mkuu wa Posta peke yake haki ya kupeleka habari kwa simu. Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipata hati ya simu ya mdomo. Kampuni ya Edison huko London ilidai kwamba sheria ya zamani haiwezi kukitawala chombo kilichokuwa hakijabuniwa. Mwaka 1880 mahakimu walilikataa dai hilo, wakasema kwamba hata mazungumzo yapitayo katika uzi ni habari ya simu. Tangu hapo kampuni zilipaswa kuomba ruhusa ya Posta na kuilipa sehemu ya mapato.

Habari zilipoanza kwenda pasipo uzi, Bunge lilitunga sheria nyingine mwaka 1904. Waswahili waliongeza neno moja tu: simu ya upepo.