Upanga Ulivuka Bahari, Wakulima Wakabaki

Sisi tuliokulia kwenye vibonzo vya Kibelgiji hapa Bukavu, kina Tintin na Spirou, tumezoea miraba iliyopangwa safu kwa safu na kujazwa maneno. Hadithi za samurai za Kijapani zilikuja na ukurasa wa namna nyingine, na kwa Kifaransa zilianza kusomwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1969 Budo Magazine Europe, jarida la watu wa judo na karate, lilichapisha hadithi ya samurai ya Hiroshi Hirata. Watu wa dojo waliwatangulia wachapishaji wa vibonzo.

Kazi iliyowatikisa zaidi wachoraji wa Magharibi ni Kozure Okami ya Kazuo Koike na Goseki Kojima, iliyotoka mwaka 1970 hadi 1976 na kujaza vitabu 28. Ogami Itto, mkata vichwa wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, amesingiziwa uhaini na mkewe ameuawa. Anatanga njiani akisukuma kigari cha mbao alimopakiwa Daigoro, mwanawe mdogo. Kojima aliweza kuchora pambano kurasa kadhaa bila neno hata moja. Upepo unalaza nyasi, mguu unasogea, na kabla hujajua nani amepiga, mmoja ameanguka.

Frank Miller wa Marekani aliusoma ukimya huo vizuri. Alipotoa Ronin mwaka 1983, aliacha picha zibebe hadithi na upanga ukate ukurasa mzima. Kozure Okami ilipoanza kutoka kwa Kiingereza mwaka 1987, majalada ya kwanza alichora yeye. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Stan Sakai, mzaliwa wa Kyoto aliyelelewa Hawaii, alimleta sungura Usagi, aliyemjenga juu ya Miyamoto Musashi, mpiga upanga wa kweli wa karne ya 17. Max Allan Collins naye, katika Road to Perdition ya mwaka 1998, aliwahamishia baba yule na mwanawe katikati ya majambazi wa Marekani ya miaka ya 1930.

Lakini kulikuwa na Sanpei Shirato, na kwangu yeye ndiye mkubwa wao. Katika Kamui-den, aliyoianza mwaka 1964 kwenye jarida la Garo, samurai ni mmoja tu kati ya watu wengi. Kamui mwenyewe amezaliwa katika jamii iliyotengwa, asiyeruhusiwa hata kukaa na wakulima. Shosuke ni kijana wa tabaka la chini kabisa kijijini, anayetafuta njia ya kuinua mavuno. Shirato anaeleza jinsi mpunga unavyopandwa na jinsi ushuru unavyokokotolewa, mpaka msomaji aelewe kwa nini kijiji kizima kinaasi.

Wamarekani waliletewa Kamui mwaka huohuo wa 1987, ila walichopewa ni hadithi ya pembeni, ile ya ninja mtoro anayewindwa na wenzake. Wakati huo wakulima waliachwa Japani. Naona hasara hapo, kwa sababu upanga wa Shirato hauna maana ukiutenga na ghala la mpunga unalolinda.

Mtu wa Bushi, nchi ya Washi inayoizunguka Bukavu, angemwelewa Shosuke haraka. Hapa mkulima alipata shamba la kumrithisha mwanawe kwa kutoa kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, kwa mwami, yaani mfalme, au mkuu aliyeshika ardhi kwa niaba yake. Asiye na ng'ombe alilima kwa bwasa, haki ya muda isiyorithiwa. Anayejua tofauti ya hayo mawili hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu afe kwa ajili ya kipande cha tuta.

Kamui-den yenyewe ilianza kutoka kwa Kifaransa mwaka 2010, kwa wachapishaji Kana, waliozaliwa Ubelgiji, nchi ileile iliyotuletea Tintin. Kwa hiyo mchoraji kijana wa Kadutu au Bagira, hapa Bukavu, anaweza kumsoma Shirato bila kumpitia Miller, na kuanzia pale ambapo Wamarekani wa 1987 hawakufika: kwenye shamba.