Mwakenya Kwenye Soksi

Mwaka 2015 niliingia kufanya karatasi ya fasihi ya KCSE nikiwa na mwakenya kwenye soksi. Maovu yote ya Meya wa Cheneo yalikuwemo, kwa mwandiko mdogo: vinono vyake, zahanati isiyo na dawa, wafanyakazi wasiolipwa. Tamthilia ya Timothy Arege, Mstahiki Meya, ilitufanya tumchukie kabisa huyo jamaa. Mwalimu aliyetufunza kumchukia ndiye aliyetuchangisha pesa za kununua mtihani, mia tano kila kichwa. Tulilipa.

Mwaka huo matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kote nchini. Yangu hayakuguswa.

Chuoni, kabla sijaacha masomo, ndipo nikajua Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri lililopinga utawala wa Moi. Kuanzia 1986 watu walifungwa kwa kudaiwa kuwa wanachama au kupatikana na vijikaratasi vyake. Vijikaratasi vya kuficha, kama changu. Tofauti ni kwamba wao walificha ukweli.

Kile kitabu bado ninacho. Ukingoni niliandika kwa penseli: “Ufisadi, alama 20, lazima itoke.”

Ilitoka.